Ufito na Rili kwa Uvuvi wa Ziwa Naivasha: Anza na Samaki, Duka Lifuate

Wiki hii naomba ruhusa nikutoe ufuoni, nikupandishe hadi Bonde la Ufa, Kaunti ya Nakuru, kwenye maji yasiyo na chumvi. Nina deni la kulipa huko.

Mpwa wangu alikuwa akifanya kazi katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha. Kazi ilipokwisha hakurudi Pwani. Alijuana na mwenye mashua anayetembeza wageni ziwani, wakapatana: mmoja alete mashua, mwingine alete vifaa vya kuvulia, mgeni anayetaka kuvua alipe zaidi, kisha wagawane. Mpwa wangu alikuwa na akiba ya kununua seti mbili tu. Akanipigia simu: "Mjomba, wewe ni mtu wa bahari. Nichagulie."

Nikajivuna. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, nimepandisha changu, tewa na kolekole. Nikaingia duka moja Mombasa, nikachukua fito mbili nene na rili kubwa kuliko zote nilizomudu, nikazipakia basi. Hoja yangu ilikuwa kwamba kilicho na nguvu hakivunjiki.

Kweli havikuvunjika, lakini havikuvua. Chambo bandia cha gramu saba kilianguka mita chache kutoka masuani. Wageni walichoka mikono kabla ya saa nzima kupita. Samaki mmoja mzuri alipodona, breki ya rili ilikuwa imekazwa kama ya lori, ndoana ikampasua mdomo akaenda zake. Mgeni akauliza kama ziwa lina samaki kweli. Baada ya siku chache za namna hiyo, mwenye mashua akasema wazi: pata vifaa vinavyofaa, au nitafute mtu mwingine.

Ndiyo sababu ya makala haya. Nimeuliza, nimesoma, nimekwenda mwenyewe Naivasha nikarusha na kukosea. Haya hapa ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla sijagusa pesa za kijana wa watu.

Maneno tutakayotumia

Ufito ni ile fimbo ya kuvulia. Wengine huiita rodi. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Hapa nazungumzia aina moja tu ya rili, ile inayoning'inia chini ya ufito, yenye bobini isiyozunguka wakati wa kurusha na upinde wa waya unaofunguliwa ili mshipi utoke. Ndiyo rahisi kujifunza, ndiyo iliyojaa madukani, na kwa mtu anayepokea wageni ambao hawajawahi kuvua, ndiyo ya kununua.

Jambo jingine. Ukitafuta ushauri kwenye intaneti utakutana sana na seti zilizotengenezwa kwa ajili ya samaki anayeitwa wolai, samaki wa maziwa ya Kanada na Marekani ambaye macho yake hung'aa gizani kama ya paka. Kenya hayupo. Usimtupe lakini. Seti ya wolai kwa kawaida ni ufito wa futi sita na nusu hadi saba, wenye nguvu ya kati au chini kidogo ya kati, rili ya namba 2500 na mshipi wa ratili 6 hadi 10. Tutaona kwamba vipimo hivyo havipo mbali na vya Naivasha. Ubaya ni kununua kwa sababu ya picha iliyo kwenye kasha bila kuuliza huyo samaki anaishi wapi.

Kwanza: samaki gani?

Karibu samaki wote wanaovuliwa Naivasha ni wageni, kama nilivyo mimi huko. Ziwa lilikuwa na samaki mdogo wa asili ambaye mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Tilapia waliletwa kuanzia miaka ya 1920. Bas, samaki mwindaji mwenye mdomo mpana kutoka Marekani, aliletwa miaka ya mwisho ya 1920 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ufito. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa maji baridi, nao pia asili yao ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaanza kuonekana karpi, samaki mnene mwenye magamba makubwa na visharubu mdomoni, naye ametawala nyavu za wavuvi kwa miaka mingi.

Kwa mwenye ufito, hao ni samaki watatu tofauti na kila mmoja anataka kifaa chake.

Bas huwinda. Hukaa kando ya mafunjo, magugu na miti iliyozama, akingoja samaki wadogo, vyura na kamba. Humezea chambo kinachotembea. Akinaswa hukimbilia magugu na huruka juu ya maji akitikisa kichwa. Ufito wake uwe mwepesi kwa kurusha siku nzima, lakini uwe na mgongo wa kumzuia asiingie kwenye mafunjo.

Tilapia ana mdomo mdogo na hudona taratibu. Hutaka ndoana ndogo, nyungunyungu au kidonge cha unga, na ncha ya ufito iliyo laini ili uone anapogusa.

Karpi hula chini kwenye tope. Ugali mgumu uliofinyangwa vizuri humtosha. Yeye ni mzito, na akiondoka huondoka kweli. Hapo kinachopimwa zaidi ni breki ya rili.

Mpwa wangu alihitaji seti ya bas, kwa sababu ndiye wageni wanayemuulizia. Kwa hiyo nitatumia bas kama kipimo, nikitaja wengine pembeni.

Pili: mshipi na chambo

Watu wengi huanza na ufito, kisha rili, halafu hutia mshipi wowote. Geuza mpangilio huo. Ukishamjua samaki, unajua chambo. Ukijua uzito wa chambo, unajua mshipi. Ufito na rili hufuata wenyewe.

Chambo bandia cha bas, yaani kijiko kidogo, mnyoo wa mpira au kisamaki cha plastiki, kwa kawaida kina uzito wa gramu 5 hadi 14. Mshipi wa kubeba chambo hicho na kumzuia bas ni wa ratili 8 hadi 12. Kumbuka ratili moja ni kama gramu 450, kwa hiyo mshipi wa ratili 10 hukatika kwenye mvuto wa kilo nne na nusu hivi. Mzoefu wa bahari ataona ni kidogo mno. Lakini rili yenye breki njema haiuachi mshipi ufike huko.

Mshipi wa nailoni ni wa bei nafuu, hunyumbuka kidogo, na unyumbufu huo humsamehe anayejifunza akivuta kwa pupa. Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba na una nguvu kubwa, haunyumbuki, na unakufikishia mkononi hata mguso mdogo. Lakini ukijifunga fundo la ovyo ni vigumu kuufungua, na ukiutia moja kwa moja kwenye bobini huteleza ukazunguka wenyewe. Ni lazima kwanza utie raundi kadhaa za nailoni chini yake. Kwa seti ya wageni nashauri nailoni ya ratili 10. Mvuvi mwenyewe akishakuwa hodari, ahamie wa kusokotwa akitaka.

Kwa tilapia, ratili 4 hadi 6 yatosha. Kwa karpi, panda hadi 12 au 15.

Tatu: ufito

Karibu na mpini wa kila ufito wa maana kuna maandishi madogo. Hayo ndiyo ya kusoma, uache rangi. Utakuta urefu, nguvu, uzito wa mshipi na uzito wa chambo. Ufito usio na maandishi hayo uurudishe kwenye rafu.

*Urefu.* Futi sita na nusu ni mzuri kwa mashua, kwa kuwa watu wawili au watatu hurusha bila kugongana. Futi saba hurusha mbali zaidi, na unafaa anayesimama ufuoni. Unaozidi hapo ni wa bahari na mawimbi yake.

*Nguvu.* Huandikwa kwa herufi: L ni mwepesi, ML ni kati na mwepesi, M ni wa kati, MH ni kati na mzito, H ni mzito. Kwa bas wa Naivasha chukua M. Ukipata seti ya wolai ya ML itavua vizuri kwenye maji ya wazi, ila karibu na mafunjo itakusumbua, maana haina mgongo wa kumgeuza samaki haraka. Kwa tilapia, L au ML. Kwa karpi, M au MH.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ufito hufanya kazi kama upinde wa mshale. Uzito wa chambo huukunja unapourudisha nyuma, nao ukijinyoosha hukitupa chambo mbele. Fito zangu ziliandikwa chambo cha gramu 60 na kuendelea. Gramu saba haziwezi kuukunja ufito kama huo, kwa hiyo hakuna upinde, na chambo huanguka miguuni. Nguvu niliyoilipia ndiyo iliyoninyima samaki.

*Mkunjo.* Hili ni tofauti na nguvu, na wauzaji wengi huchanganya. Ufito mwingine hukunjika nchani tu, theluthi ya juu. Mwingine hukunjika hadi katikati. Mwingine wote mzima. Unaokunjika nchani hukuwezesha kuhisi samaki na kuzamisha ndoana upesi. Unaokunjika hadi katikati ni mpole, na unafaa chambo chenye ndoana za meno matatu, ambazo huchomoka kirahisi ukivuta kwa nguvu. Kwa seti moja ya kufanya kazi zote, chukua unaokunjika nchani lakini si kwa ukali wa kupita kiasi.

*Kilichoutengeneza.* Ufito wa nyuzi za kioo ni mzito kidogo na huvumilia mapigo: kukanyagwa, kugongwa na ubavu wa mashua, kuangushwa na mtoto wa mgeni. Wa kaboni ni mwepesi na una hisia kali, lakini ukigongwa kwenye kitu kigumu hupata ufa usioonekana, kisha huvunjika siku ya samaki mkubwa. Kuna pia wa mchanganyiko wa vyote viwili. Kwa biashara ya wageni, mchanganyiko ndio wa busara. Kwa mvuvi anayejitunzia kifaa chake mwenyewe, kaboni ina raha yake.

*Vipande.* Ufito wa kipande kimoja haupandi matatu wala hauingii buti ya basi. Wa futi saba wenye vipande viwili hukatwa kuwa kama futi tatu na nusu kila kimoja, nao husafirika. Kuna wa vipande vinne pia. Epuka ule unaochomolewa kama antena ya redio. Ni rahisi kubeba, lakini pete zake huzunguka ovyo na maungio yake hulegea mapema.

Nne: rili

Kama pesa ni chache, punguza kwenye ufito kabla hujapunguza kwenye rili. Ufito wa bei ya kawaida uliochaguliwa vizuri huvua. Rili mbovu hufa, na hufa samaki akiwa mwishoni mwa mshipi.

*Ukubwa.* Namba huandikwa juu yake: 1000, 2000, 2500, 3000, 4000 na kuendelea. Viwanda havilingani kabisa, lakini kwa jumla 1000 hadi 2000 ni ya tilapia, 2500 hadi 3000 ni ya bas, na 3000 hadi 4000 ni ya karpi. Niliyomtumia mpwa wangu ilikuwa 8000. Kuishika siku nzima juu ya ufito mwepesi ni kama kubeba tofali kwenye ncha ya kijiti.

*Breki.* Hiki ndicho kiungo cha kwanza kukikagua. Breki ni kile kitasa cha mbele au nyuma ya rili kinachoamua mshipi utoke kwa mvuto gani. Wauzaji husifia breki inayoweza kushika kilo nyingi. Kwa mshipi wa ratili 10 hutahitaji hata kilo mbili. La maana ni ulaini: ianze kuachia bila kukwama. Breki inayokwama kwanza kisha ikaachia ghafla hukata mshipi kwenye ule mkwamo wa kwanza.

*Mwendo wa gia.* Utaona maandishi kama 5.2:1. Maana yake, ukizungusha mkono mara moja, upinde wa waya huzunguka mara tano na kidogo. Kati ya 5 na 6 inafaa kila kitu tunachozungumza hapa.

*Beringi.* Kasha litakupigia kelele za beringi kumi au kumi na mbili. Beringi nne nzuri zinashinda kumi na mbili za ovyo. Zungusha mkono uamini kiganja chako.

*Mkono wa kuzungushia.* Kwenye rili nyingi za aina hii mkono huhamishika kulia au kushoto. Hakikisha, maana mgeni wa mashoto atakuja siku moja.

Seti iliyofungwa pamoja, au kila kitu mbali?

Seti iliyofungwa pamoja dukani ina faida mbili: bei huwa nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, na mtengenezaji amekwisha kulinganisha rili na ufito. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi rili ndiyo hupunguziwa ubora, na mshipi uliokuja nayo huwa mzee, umekaa kwenye kasha hadi umejikunja kama chemchemi. Ukinunua seti, panga tangu mwanzo pesa ya mshipi mpya na uutoe ule wa kiwandani.

Kwa anayeanza, seti ni sawa. Kwa anayetafutia riziki, nunua rili peke yake kwa uangalifu, kisha utafute ufito wa kuifuata.

Ukaguzi wa dukani, dakika kumi

Usione haya. Mwenye duka anayekukataza kujaribu amekwisha kukupa jibu.

1. Unganisha vipande vya ufito. Maungio yaingie vizuri bila kucheza na bila kulazimishwa.
2. Uangalie kwa jicho moja kutoka kwenye mpini hadi nchani. Pete zote zikae kwenye mstari mmoja.
3. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wako.
4. Funga rili kwenye ufito, kisha uweke kidole chini ya mpini, mbele kidogo ya rili. Ukitulia bila kuelemea sana upande mmoja, mkono wako hautachoka.
5. Zungusha mkono wa rili polepole, halafu haraka. Sikiliza mkwaruzo. Tikisa mkono kushoto na kulia. Mchezo ukiwa mwingi, gia ni legevu.
6. Fungua na ufunge upinde wa waya mara kumi. Usikwame hata mara moja.
7. Legeza breki, uvute mshipi kwa mkono. Kaza kidogo, uvute tena. Utoke kwa ulaini kila mara.

Kutia mshipi na kupima breki

Jaza bobini hadi ibaki nafasi ya milimita mbili au tatu kufika ukingoni. Ukijaza kupita hapo, mshipi utatoka kwa mafungu na kujifunga. Ukitia kidogo, utakwaruza ukingo na hutarusha mbali. Unapokunja, ubane mshipi kwa vidole vilivyoshika kitambaa chenye maji ili ukae umekazika.

Kila baada ya kurusha, funga upinde kwa mkono badala ya kuzungusha rili ili ujifunge wenyewe. Tabia hiyo ndogo huuepusha mshipi na msokoto, na huirefushia rili maisha.

Breki hupimwa kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Huna haja ya mizani. Chupa ya lita moja iliyojaa maji ina uzito wa kilo moja na kidogo. Funga mshipi wa ratili 8 au 10 kwenye shingo ya chupa, shika rili, uinyanyue chupa moja kwa moja bila kutumia mkunjo wa ufito. Breki iwekwe mahali ambapo chupa inanyanyuka, lakini ukiitikisa mshipi unatoka. Basi. Kila asubuhi, kabla wageni hawajafika, fanya hivyo tena. Na jioni legeza breki kabisa, vinginevyo vishikizo vyake vya ndani hubanwa usiku kucha na kupoteza ulaini.

Lau ningejua jambo hili moja, yule samaki wa kwanza angepanda masuani.

Ziwa lenyewe

Naivasha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890. Asubuhi huwa shwari na baridi, mchana upepo huamka na mawimbi huja. Vua mapema. Upepo ukianza, mshipi mwepesi hupeperuka na mashua ndogo huwa hatarini.

Viboko hawana mzaha. Wameua na kujeruhi watu ziwani humo, wakiwemo wavuvi wazoefu. Usisimame kwenye mafunjo alfajiri wala magharibi kwa sababu ya samaki, wala usiingie majini kunasua chambo. Chambo hununuliwa tena. Tangu maji yalipopanda miaka ya karibuni na kumeza mashamba na nyumba kando ya ziwa, ufuo umebadilika na viboko wamesogea karibu na watu. Uliza wenyeji kabla hujatia mguu.

Ukisikia ngurumo, weka ufito chini. Kaboni hupitisha umeme, na kuinua futi saba za kaboni katikati ya maji wakati wa radi ni kujiita mwenyewe. Vivyo hivyo chini ya nyaya za stima.

Na leseni. Kuvua kwa ufito ni uvuvi unaohitaji leseni kwa sheria ya Kenya, hata kama humuuzii mtu samaki. Ipate katika ofisi ya uvuvi. Kisha pita kwa viongozi wa BMU wa ufuo unaotaka kuanzia, iwe Kamere, Karagita au kwingineko, uwasalimie. Sisi wa Pwani tunajua mtu anapotua kwenye diko letu bila hodi huonekanaje. Na usidhani kila maji ya Nakuru ni ya kuvulia: Ziwa Nakuru liko ndani ya mbuga ya taifa, huko ufito usiupeleke.

Kutunza

Maji baridi hayali chuma kama bahari, lakini tope na mchanga husaga gia. Futa rili kwa kitambaa chenye maji, usiipige kwa mpira wa maji yenye kasi. Tone la mafuta mepesi kwenye kiungo cha upinde na kwenye mkono linatosha. Ukirudi nayo Pwani ukaitumia baharini, ioshe kwa maji ya kisima siku hiyo hiyo, kabla ya kula. Kata mita chache za mwanzo za mshipi kila baada ya siku kadhaa za kazi, maana hapo ndipo hukwaruzwa. Fundo lako lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kupoteza nguvu.

Kwa ufupi

- Bas: ufito wa futi 6.5 hadi 7, nguvu M, rili 2500 au 3000, mshipi wa ratili 8 hadi 12.
- Tilapia: futi 6 hadi 6.5, L au ML, rili 1000 au 2000, ratili 4 hadi 6.
- Karpi: futi 7, M au MH, rili 3000 au 4000, ratili 12 hadi 15.
- Mwenye pesa ya seti moja tu: futi 6.5, M, vipande viwili, rili 2500, nailoni ya ratili 10. Itakutosha bas, itavumilia tilapia, na kwa karpi utaomba Mungu na utumie breki.

Zile fito nene tulizirudisha Pwani. Moja nilimuuzia jirani anayevua kolekole kwa hasara, na tofauti nikaijaza mfukoni mwangu. Nyingine bado iko nyuma ya mlango wa chumba changu, inanitazama. Pesa ziliyopatikana zilitosha seti moja ya vipimo hivyo hapo juu. Mwenye mashua alikubali kumpa mpwa wangu mwezi mmoja. Alhamdulillahi, mwezi ulipita na hakufukuzwa, na seti ya pili ameinunua kwa jasho lake mwenyewe, bila kuniuliza ushauri.

Hunipigia simu bado. Juzi alinieleza kwa nusu saa nzima jinsi ya kupima breki kwa chupa ya maji. Nilimsikiliza hadi mwisho.